Mmea wa shanga ndani ya nyumba: mwongozo kamili wa kuutunza kuanzia utosini hadi nchani

Watu wengi huununua mmea huu kwa sababu ya nyuzi zake: nyembamba, zinamwagika kutoka kwenye chungu, na kila uzi umetungwa majani ya duara yenye ukubwa wa punje ya njegere. Miezi mitatu minne baadaye nyuzi zinaanza kukatika, juu panabaki kipara, na mwenye nao anajiapiza kwamba mkono wake hauna baraka ya mimea. Mimi nimekuwa mtu huyo. Mmea wangu wa kwanza niliuua kwa mapenzi. Niliumwagilia kila Jumamosi pamoja na mingine yote, nikautundika juu karibu na dari ili nyuzi zionekane vizuri, na siku nilipobonyeza ushanga mmoja ulipasuka vidoleni kama jipu, ukatoa maji yenye harufu ya tope.

Kosa langu lilikuwa moja tu, na ndilo ninaloliona kwa wengine: nilikuwa naangalia ncha za nyuzi, ilhali mmea huu huishi au hufa kutokea utosini, pale juu nyuzi zinapochipukia udongoni. Utosi ukipata mwanga na kukaa mkavu, ncha hujitunza zenyewe. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inarudi pale pale.

Jina lake la kisayansi ni Curio rowleyanus. Kwenye vibandiko vya maduka ya mimea bado utakuta Senecio rowleyanus, jina alilolitoa Mjerumani Hermann Jacobsen mwaka 1968 kwa heshima ya Gordon Rowley, mtaalamu wa mimea wa Uingereza. Ni mmea ule ule, usiuziwe mara mbili. Kwa Kiswahili hauna jina lililozoeleka, kwa hiyo hapa nitauita mmea wa shanga.

Kwanza ujue unavyoishi porini

Asili yake ni maeneo makavu ya Afrika Kusini. Huko hauning'inii popote. Unatambaa chini kama mkeka, kwenye kivuli chepesi cha vichaka na mawe, na kila kifundo cha uzi kinapogusa udongo hutoa mizizi. Kuning'inia ni jambo tulilolibuni sisi kwa kuupandisha kwenye rafu.

Chukua ushanga mmoja uuangalie kwa karibu, ikibidi kwa kioo cha kukuzia. Upande mmoja utaona mstari mwembamba uliopinda kama mwezi mwandamo, unaopitisha mwanga kuliko sehemu nyingine. Hicho ni kidirisha. Jani la duara lina faida kubwa kwenye ukame, kwa sababu duara ndilo umbo lenye ngozi ndogo kuliko yote kwa kiasi cha maji linachobeba, hivyo hupoteza maji kidogo. Lakini ngozi ndogo maana yake ni eneo dogo la kupokea jua. Kidirisha kinalipa deni hilo: mwanga unapenya hadi ndani ya jani na kufanya kazi kule. Ndiyo maana mmea huu unahitaji mwanga mwingi kuliko unavyoonekana kuhitaji, na ndiyo maana utakufa polepole kwenye kona ya sebule ambako mimea ya majani mapana inastawi.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kukumbuka. Mizizi yake ni mifupi na haiendi chini sana. Na maji yake hayakai udongoni, yamo ndani ya shanga.

Hatua ya 1: Chagua mmea wenye utosi mzima

Dukani usivutiwe na urefu wa nyuzi. Panda juu ya kitu kama chungu kimetundikwa, uangalie utosi. Shanga ziwe zimejaa udongo wote wa juu, ngumu, za kijani kibichi. Ukiona katikati pana udongo mtupu na nyuzi zote zinatokea pembeni, au shanga za chini zimegeuka njano na kuwa na maji maji, uache hata kama bei imeshushwa. Nyuzi za sentimita kumi zenye utosi uliojaa ni bora kuliko nyuzi za mita moja zinazotoka kwenye kipara.

Ingiza kidole kwenye udongo. Mara nyingi mimea hii huuzwa ikiwa kwenye ile mboji nyepesi ya kahawia inayochimbwa kwenye vinamasi, nayo hushika maji kama sifongo. Ukiukuta umelowa chapachapa, jipange kuuhamisha mapema badala ya kusubiri.

Hatua ya 2: Tafuta mahali ambapo mwanga unaangukia utosi

Dirisha linalotazama mashariki ndilo rahisi kuliko yote. Jua la asubuhi ni laini, linadumu saa mbili tatu, halafu mmea unabaki kwenye mwanga mzuri usio na mionzi ya moja kwa moja. Dirisha la magharibi linafaa ukiweka pazia jepesi, kwa sababu jua la alasiri hukuta kioo na hewa ya ndani vimeshapata moto. Mahali popote penye jua kali la mchana, sogeza chungu nyuma kidogo au chuja mwanga kwa pazia. Shanga zilizoungua hupata madoa ya kahawia upande mmoja, na madoa hayo hayaondoki.

Umbali una maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Jicho la binadamu hujirekebisha, kwa hiyo chumba kinaonekana angavu hata mita tatu kutoka dirishani, lakini kwa mmea pale ni jioni. Weka chungu ndani ya nusu mita kutoka kwenye kioo.

Sasa suala la kutundika. Ukikitundika chungu juu ya usawa wa dirisha, nyuzi zitapata mwanga na utosi utakaa kivulini siku nzima, kwa sababu mwanga wa dirisha huja kutoka mbele, wala hautoki darini. Mmea utaacha shanga za juu zife, maana hazina kazi, na utabaki na kipara chenye mapazia marefu. Hii ndiyo picha unayoiona kwenye nyumba nyingi. Njia ya kujipima ni rahisi: simama dirishani, jifanye wewe ndiye jua, utazame chungu. Kama huoni udongo wa juu, utosi hauoni mwanga. Shusha kamba, au weka chungu kwenye kingo ya dirisha na uache nyuzi ziangukie ndani ya chumba.

Kama nyumba haina dirisha zuri, taa ya LED ya mimea inatosha kabisa. Ining'inize sentimita 20 hadi 30 juu ya utosi na uiwashe saa 10 hadi 12 kwa siku. Nina mmoja unaoishi hivyo jikoni, na kusema kweli ndio wenye utosi mnene kuliko yote.

Zungusha chungu robo mzunguko kila wiki mbili. Usihamishe mmea kutoka kivulini moja kwa moja hadi kwenye jua. Uzoeshe taratibu, ukiuongezea jua kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Hatua ya 3: Chungu kifupi, udongo unaopitisha

Chungu kirefu ni mtego. Mizizi inakaa sentimita chache za juu, na udongo wote ulio chini yake hauna wa kuunywa, hivyo unabaki na maji kwa wiki nzima na zaidi. Tafuta chungu cha kina cha sentimita 8 hadi 10, kipana kidogo tu kuliko mmea wenyewe. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kwa anayeanza, kwa kuwa kuta zake hupumua na kunyonya unyevu. Cha plastiki kinafaa pia, ila maji hukaa humo muda mrefu zaidi na utabidi upunguze kumwagilia. Chenye tundu chini ni lazima. Ukipenda chungu cha urembo kisicho na tundu, panda kwenye cha plastiki kisha ukitumbukize ndani ya hicho, na ukitoe kila unapomwagilia.

Usiweke kokoto chini ya chungu ukidhani zinasaidia maji kutoka. Maji hayaondoki kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo wenyewe ushibe kabisa. Unachofanya ni kulipandisha tope karibu na mizizi. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Udongo wenyewe nauchanganya hivi: sehemu moja ya udongo wa kawaida wa kupandia, na sehemu moja ya kitu chenye chenga. Chenga hizo zinaweza kuwa perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi), mawe ya volkano yaliyopondwa, au mchanga mnene wa mtoni uliochekechwa na kuoshwa. Mchanga laini wa kujengea huziba nafasi za hewa na kugeuka saruji, na wa baharini una chumvi. Yote miwili iache. Udongo uliouzwa kwa jina la udongo wa kakti nao uongezee chenga, maana mwingi wake bado una mboji nyingi kupita kiasi.

Kipimo changu: lowesha konzi ya mchanganyiko, uibane kwa nguvu, kisha ufungue mkono. Ikibaki tonge, ongeza chenga. Ikisambaratika ukiigusa kwa kidole, iko tayari.

Hatua ya 4: Kuuhamisha bila kuzikata nyuzi

Hii ndiyo kazi inayotisha, kwa sababu nyuzi hukatika kwa kuguswa tu. Fanya hivi:

1. Acha udongo ukauke kabisa siku kadhaa kabla. Shanga zenye maji mengi huchomoka kirahisi. Zikiwa na kiu kidogo zinakuwa laini na hushikilia.

2. Tandaza kitambaa mezani. Kusanya nyuzi zote, uzilaze juu ya utosi kama unavyokusanya nywele, kisha uzifunike kwa kitambaa chepesi au karatasi laini.

3. Weka kiganja juu, geuza chungu kichwa chini miguu juu, na ubonyeze pande zake mpaka donge la udongo litoke.

4. Kung'uta udongo wa zamani ulio pembeni na chini. Ukiona mizizi nyeupe au ya rangi ya nyasi kavu, iache. Ya kahawia iliyokolea na inayoteleza, ikate kwa mkasi safi.

5. Weka donge kwenye chungu kipya, utosi ukae sentimita moja tu chini ya ukingo. Hili halina mjadala. Utosi ukizama ndani ya chungu, hewa haizunguki, kuta zinautia kivuli, na nyuzi zinakwaruzwa na ukingo hadi zikakatika.

6. Jaza pembeni, gonga chungu mezani mara mbili tatu udongo ukae, halafu usimwagilie kwa siku nne hadi saba. Vidonda vya mizizi vinahitaji kukauka kabla ya kukutana na maji.

Nyuzi zitakazokatika, na zitakatika, usizitupe. Zina kazi kwenye hatua ya 7.

Ukishaupanda vizuri huna haja ya kuuhamisha tena kwa miaka miwili au mitatu. Hupenda kubanwa kidogo.

Hatua ya 5: Maji

Nimeulizwa mara nyingi, "Nimwagilie kila baada ya siku ngapi?" Ratiba ndiyo iliyoua mmea wangu wa kwanza. Chumba chenye joto na jua kinaweza kukausha chungu kidogo kwa siku nane. Chumba chenye baridi na mawingu kinaweza kuchukua wiki nne kwa chungu hicho hicho. Kalenda haijui hilo. Shanga zinajua.

Shika ushanga ulio karibu na utosi, kati ya kidole gumba na cha shahada, uubane kama unavyojaribu zabibu. Ukiwa mgumu kabisa na ngozi imetanuka, una maji, ondoka. Ukibonyea kidogo kisha ukarudi, subiri siku mbili tatu. Ukibonyea kwa urahisi, ngozi ina mikunjo midogo na kile kidirisha cha pembeni kimebanwa kuwa uzi mwembamba kuliko kawaida, una kiu. Jaribu shanga tatu nne za sehemu tofauti, kwa kuwa moja inaweza kuwa na shida zake.

Kisha hakikisha kwa udongo. Chomeka kijiti kikavu cha mbao hadi chini ya chungu, kiache dakika tano, ukitoe. Kikitoka kikavu na kisafi, na shanga zinabonyea, mwagilia. Baada ya mwezi mmoja hutahitaji kijiti tena. Utanyanyua chungu kwa mkono na uzito wake utakwambia.

Zingatia hali moja inayowadanganya wengi: shanga zimenywea lakini udongo umelowa. Anayeanza huona mikunjo na kuongeza maji. Kumbe mizizi imeoza, haiwezi kunywa, na mmea unakufa kwa kiu ukiwa umekalia maji. Ndiyo maana nasisitiza vipimo viwili, ushanga na udongo, na kimoja pekee hakitoshi.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Kumwaga kijiko kimoja kimoja kila siku hulowesha utosi peke yake, mahali ambapo unyevu una madhara zaidi, na mizizi ya chini hubaki bila kitu. Mimina polepole kuzunguka ukingo kwa chupa yenye mdomo mwembamba mpaka maji yatoke chini, acha yachuruzike dakika 15, kisha mwaga yaliyo kwenye kisahani.

Utosi ukishajaa hutaona tena mahali pa kumimina. Hapo tumia njia ya kunywesha kutoka chini: weka maji ya kina cha sentimita tatu kwenye beseni, kiache chungu humo dakika 15 hadi 20 mpaka udongo wa juu ubadilike rangi, kisha kitoe kichuruzike. Njia hii inafaa pia kwa ile mboji ya kahawia iliyokauka kupita kiasi, ambayo hukataa maji na kuyaacha yapite pembeni mwa chungu huku katikati pakibaki pakavu. Ila kila baada ya miezi miwili mimina maji kutoka juu mara moja, ili kuosha chumvi zinazojikusanya udongoni.

Usinyunyizie majani kwa chupa ya mvuke. Haulitaki hilo, na maji yanayotulia katikati ya shanga zilizosongamana huleta uozo.

Baada ya kumwagilia shanga zilizonywea hujaa tena ndani ya siku mbili au tatu. Ikipita wiki hazijajaa, na hukuwa umeuacha mkavu miezi, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kuokoa mmea.

Hatua ya 6: Joto na mbolea, kwa kifupi

Joto la kawaida la nyumba, nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi, linautosha. Uuepushe na upepo wa kiyoyozi na wa hita. Baridi inayokaribia nyuzi 5 itauharibu.

Mbolea ni kidogo. Ya maji, iliyopunguzwa makali kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi wakati unakua. Wakati umetulia, acha. Mmea uliotoka kuhamishwa kwenye udongo mpya hauhitaji chochote kwa miezi kadhaa. Mbolea nyingi hutoa nyuzi ndefu dhaifu zenye shanga zilizo mbalimbali.

Hatua ya 7: Kuziba kipara na kuzalisha mingine

Hapa ndipo tabia yake ya porini inakufaa. Kila mahali jani linapoungana na uzi kuna kifundo, na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi kikigusa udongo wenye unyevu. Mmea ulio kwenye mstari wa kufa unaweza kurudi kwa njia hii, na mimi karibu mimea yangu yote imetokana na mmoja.

Njia ya kwanza haihitaji hata kukata. Chukua uzi mrefu ulio hai, uurudishe juu, uulaze kwa kuuzungusha juu ya udongo mtupu wa utosi. Ubane kwa vipande vya waya vilivyokunjwa kama chupio la nywele, viwili au vitatu, bila kuuponda. Uzi unaendelea kulishwa na mama yake huku ukijitafutia mizizi. Baada ya wiki tatu nne vuta taratibu, ukikataa, umeshika. Vichipukizi vipya vitatokea kwenye vifundo na kipara kitaanza kuziba.

Njia ya pili ni ya kukata. Kata uzi wa sentimita 10 hivi, ondoa shanga tatu au nne za upande uliokatwa, uache mezani siku moja au mbili kidonda kikauke. Kisha laza ile sehemu tupu juu ya udongo uliolowa kidogo, ubane kwa waya, na ulaze uzi uliobaki juu ya udongo pia. Usiuchomeke wima kama mche wa muhogo. Ukiulaza unapata vifundo vingi vinavyogusa udongo badala ya kimoja. Weka vipande sita au zaidi kwenye chungu kimoja kidogo ili upate utosi mnene tangu mwanzo. Kwenye kipindi hiki peke yake udongo wa juu usiachwe ukauke kabisa. Ulowanishe kila ukikaribia kukauka, maana vipande havina mizizi ya kutafuta maji chini. Mizizi ikishashika, rudi kwenye kumwagilia kwa nafasi.

Kuna wanaootesha kwenye glasi ya maji. Hufanya kazi, vifundo vikiwa majini na shanga zikiwa nje, lakini mizizi hiyo huwa teketeke na mara nyingi husita ikihamishiwa kwenye udongo. Mimi nimeacha. Na ushanga uliochomoka peke yake bila kipande cha uzi hauna matumaini makubwa ya kuwa mmea. Hata ukitoa mizizi, mara nyingi hautoi chipukizi.

Kuokoa mmea unaooza

Dalili ni shanga za njano au zenye rangi ya maji, zinazodondoka zikiguswa, na uzi unaokuwa mweusi karibu na udongo. Usisubiri uone kama utajirudi. Toa mmea wote kwenye chungu siku hiyo hiyo. Kata kila uzi juu ya sehemu iliyoathirika, na uangalie ndani ya mkato: ukiona kijani safi umefika mahali pazima, ukiona kahawia panda juu ukate tena. Futa mkasi kwa spiriti kila baada ya mkato. Tupa udongo wote, osha chungu kwa sabuni, kisha anza upya na vipande vilivyo hai kama kwenye hatua ya 7. Kuhangaika na mizizi iliyooza ni kupoteza siku ambazo uozo unazitumia kupanda kwenye nyuzi.

Shanga zikiwa ndogo na zimeachana sana kwenye uzi, huo si ugonjwa, ni giza. Sogeza karibu na dirisha. Sehemu iliyokwisha kurefuka haitajikusanya tena, ila kitakachoota kuanzia hapo kitakuwa sawa. Ile ya zamani ikate uioteshe. Shanga chache kunyauka hapa na pale kwenye mmea wenye afya ni uzee, ziondoe kwa mkono.

Wadudu

Anayesumbua zaidi ni kidung'ata. Utaona vijipamba vyeupe vimejificha pale jani linapoungana na uzi, na wakati mwingine majimaji yanayonata. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, mguse mdudu mmoja mmoja, na urudie kila wiki kwa muda wa mwezi, kwa sababu mayai hayafi yote kwa mara moja. Kwenye utosi uliosongamana huwezi kuwafikia wote. Ukishazidiwa, kata nyuzi safi uanzishe chungu kingine mbali na huo. Vidukari hupenda vikonyo vya maua, nao huondoka kwa maji yenye sabuni kidogo. Vile vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu havili shanga, ila ni mashahidi kwamba udongo wako haukauki.

Mmea mpya ukae peke yake wiki mbili tatu kabla ya kuuweka na wenzake.

Watoto, paka na mbwa

Mmea huu una sumu ukiliwa, na paka huona nyuzi zinazoning'inia kama mchezo. Ukiliwa unaweza kumletea mnyama kutapika na kuharisha, na utomvu unaweza kuwasha ngozi ya wengine. Uweke pasipofikika, na hii ina maana ya kufupisha nyuzi pia. Shanga zilizodondoka sakafuni zifagie mara moja. Mtoto anayetambaa ataziona tamu. Akila mtu au mnyama, mpeleke kwa daktari ukiwa na kipande cha mmea mkononi.

Nyumba yenye paka mkorofi ni heri iwe na Ceropegia woodii, ule wenye majani ya umbo la moyo. Nao huning'inia, hutunza maji kwenye viazi vidogo, na hauna sumu kwa paka wala mbwa. Anayetaka kitu cha jamii hii hii lakini kinachosamehe makosa atafute Curio radicans, ambao majani yake yamepinda kama ndizi: unakua haraka na hauozi kirahisi, ila sumu unayo.

Ukitaka utoe maua

Wengi hawajui kwamba unatoa maua, na kwamba ni ndugu wa alizeti. Huja baada ya majuma kadhaa ya ubaridi, nyuzi 13 hadi 16 hivi za Selsiasi, mwanga ukiwa bado mzuri na maji yakiwa yamepunguzwa. Chumba kisicho na hita wakati wa baridi kinatosha. Vikonyo vyembamba vitasimama juu ya shanga, na kila kimoja kitafungua brashi ndogo nyeupe yenye vijiti vya zambarau katikati. Utayasikia maua kabla hujayaona, kwa kuwa yana harufu ya mdalasini na karafuu. Yakikauka kata vikonyo hadi chini, ukiwa mwangalifu usikate nao uzi, kisha urudi kwenye kumwagilia kwa kawaida joto likipanda.